Kilemba cha Mama na Gari la Siti Saba

Mume wangu Deji na fundi Rauf walikuwa wameinama juu ya injini ya gari kuukuu la siti saba tulilotaka kununua, pale Ibadan. Mama mkwe alisimama pembeni, amefunga kilemba kirefu cha sherehe.

"Mama, leo Jumanne," Deji akamtania. "Nani anaoa?"

"Nyamaza wewe! Kale kagari kako kamenipondea vilemba vyote. Kila harusi napanda teksi peke yangu, wajukuu wangu nawakutia ukumbini kama mgeni."

Rauf akafunga boneti. "Injini nzima. Ila kiyoyozi kimekufa."

"Si mtafungua madirisha?" muuzaji wa gari akadakia.

"Upepo univue kilemba mbele za watu?"

"Kinatengenezeka, Mama," Rauf akasema, akicheka.

Nikamshika Mama mkono, akapanda siti ya nyuma kabisa. Kilemba kikagota dari. Uso ukamnywea, nami nikamwomba Mungu kimoyomoyo. Akasogea siti ya katikati, akakaa wima, akageuza kichwa kushoto, kisha kulia. Juu ya kilemba pakabaki nafasi ya kupitisha kiganja.

"Wajukuu watakaa hapa na hapa," akasema, akipigapiga siti. "Nyinyi elewaneni bei. Mimi sishuki."

Muuzaji akatabasamu hadi magego. Deji akajishika kichwa. "Mama! Sasa huyu atapunguza bei kwa lipi?"

"Mwombe Mungu, mwanangu," akajibu, macho ameshafumba. "Mimi nimeshafika kwenye kushukuru."