Chokaa ya Kamanthe

Kamanthe alikuwa akikunja mashuka nyuma ya nyumba yake Mumbuni alipokohoa, na chokaa ikamwagika kifuani mwa blauzi yake. Akaipangusa, akamaliza kukunja. Jioni alimwambia mumewe, Laban, kwamba ile kitu ya moyo imeanza kutoka nje.

"Ni nyingi?" Laban akauliza.

"Inajaa kiganja."

Ile kitu waliijua. Mwaka wa tisini na tano daktari mmoja mjini alimsikiliza kifua, akasema vali moja ya moyo, kile kilango cha kupitisha damu, imeanza kukauka kwa chokaa. Ili ibadilishwe, ingebidi apasuliwe kifua, na hakuwa mgonjwa kiasi hicho. Arudi akizidiwa. Alirudi kila mwaka, akaambiwa bado.

Chokaa iliendelea kutoka. Laban aliizoa shukani kwa kijiko, akaitia mkebeni. Jirani yao Ruqaya, ambaye kuku wake walikuwa wakitaga mayai ya ganda laini, aliomba kidogo awachanganyie kwenye chakula, na maganda yakawa magumu. Wengine wakaja. Mzee wa kanisa alichukua ndoo nzima ya kupaka ukuta, akauliza tu kama atie chumvi ili isibanduke. Kamanthe alimwambia atie. Ukuta wenyewe hakuuona. Kufikia wakati huo, akitoka kitandani, ilibidi apumzike kabla ya kufika mlangoni.

Mwaka wa 2009 kukatangazwa kwamba madaktari wageni watafika hospitali moja ya Nairobi. Walikuwa na vali mpya iliyokunjwa ndani ya mrija mwembamba, wakiipitisha kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni bila kupasua kifua. Laban akaazima gari, akampeleka.

Aliyewapokea ni daktari Mkenya aliyefanya kazi na wale wageni. Alimpima, akapangusa chokaa kwenye chombo chake kwa pamba, akamwomba akohoe upande wa pili. Kisha akatazama picha ya moyo kwa muda mrefu.

"Mama, vali yako imekuwa jiwe," akasema. "Upande huu imeota kibonge. Tukiweka mpya hapo haitakaa sawa, damu itavujia kando. Na hicho kibonge kikimeguka, kipande kinaweza kwenda kwa ubongo."

"Na nisipowekewa?"

"Sidhani utamaliza mwaka."

"Basi jaribuni."

"Wageni wako na vali chache, mama. Wanachukua wale itawashika vizuri." Akafunga faili. "Ungekuja mapema, kabla haijakauka hivi."

"Nilikuja mapema," Kamanthe akasema. "Mlisema nirudi nikizidiwa."

Daktari alisema pole. Aliomba chokaa kidogo akawaonyeshe wanafunzi wake, na Kamanthe akamkoholea kwenye karatasi.

Njiani walisimama Kyumbi wakanunua nyanya.

"Baba Kanini," akamwambia mumewe walipokaribia nyumbani, kwa jina la binti yao, "hizo nyanya zisikae juani."

Alifariki mwezi wa nane, ameketi kitandani, Laban akimfunga kitambaa kichwani. Laban alimaliza fundo, kisha akaenda kumwita Ruqaya. Siku ya mazishi wanaume sita walishindwa kuinua jeneza. Wakaongezwa wengine, mwishowe ukaletwa mkokoteni. Mchungaji alifupisha sala kwa sababu ya jua.

Mwaka uliofuata wageni walirudi, na familia za wagonjwa wote waliopimwa zikaalikwa kwenye mkutano hospitalini. Laban alivaa koti, akakaa safu ya nyuma. Mkubwa wa wageni alisimama, na yule daktari Mkenya akafasiri.

"Wote tuliowawekea vali mwaka jana wako hai," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyekufa."

Ilikuwa kweli. Ukumbi ukapiga makofi, na Laban naye akapiga.