Method Anatafuta Bunduki Isiyokwama

Bunduki ya tatu ilikwama Jumamosi asubuhi, na kufikia adhuhuri Garland nzima, kitongoji chetu cha Dallas, ilikuwa na habari. Sisemi nani aliisambaza. Mimi nilikuwa na simu tu, na watu walikuwa wanapiga.

Kwa ambaye hakuwapo, nianzie nyuma kidogo. Kila mwaka, wikiendi ya Leba Dei, sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, mwanzoni mwa Septemba, sisi wa Dallas tunateremka Houston kupimana shabaha na wenzetu wa Missouri City, kitongoji cha huko huko. Watanzania na Wakenya tumechanganyika, watu watano kila upande. Mashine inarusha angani kisahani cha udongo, kipana kama kisosi, nawe unakivunja kwa marisau kabla hakijatua. Kila mtu visahani ishirini na tano. Wanaoshindwa wanapika. Wanaoshinda wanakaa kwenye viti wanakosoa chumvi.

Mwaka 2018 tulipika sisi, na sababu alikuwa shemeji yangu Method. Shemeji kwa maana ya kwamba mkewe, Pelagia, ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Method alibakiwa na visahani vitano, tunaongoza, na bunduki ya kuazima aliyoshika ikagoma. Anavuta, kimya. Anaigonga, kimya. Visahani vitano vikapita juu ya kichwa chake vizima kabisa vikaenda kutua majanini. Wale wa Missouri City wakambatiza jina pale pale: Mzee wa Foleni, maana alikwama kama gari mjini. Mpaka watoto wao wanamwita hivyo, na Kiswahili chenyewe wamejulia hapo.

Sasa, Method ni mtu wa ghala. Mwaka mzima anaendesha ile mashine ya kubeba maboksi, anapanga, anapangua, na sijawahi kusikia bosi wake amempigia simu kumwambia boksi la leo ulilipanga vizuri. Ile safari ya Houston ndiyo siku yake. Ndipo anapovaa kofia. Kwa hiyo Elia, kapteni wetu, alipomwita mwezi wa saba mwaka uliofuata na kumwambia yale aliyomwambia, jamaa alikosa usingizi.

Alimwambia hivi, sebuleni kwangu, mdomoni ana sambusa yangu:

"Mangi, sikiliza. Tarehe ishirini na nne Agosti tunajipima. Uje na bunduki yako mwenyewe, siyo ya kuazima, na upige visahani ishirini na tano bila kusimama. Halafu utapimana na Wacuka. Atakayevunja vingi ndiye anakwenda Houston. Mwingine atabeba maji."

Elia ni Mpare na Method ni Mchaga (hilo Mangi ni jina la machifu wao), watani wa tangu enzi, kwa hiyo hapo hakuna kununa. Mchaga akinuna mbele ya Mpare ameshindwa.

"Mpare," Method akamjibu, "wewe bunduki yako uliinunua au uliishinda mahakamani?"

Tukacheka, maana Mpare na kesi ni chanda na pete. Lakini Wacuka hakucheka. Wacuka ni nesi, Mkenya, anakaa Irving, analala saa nne kwa siku na anapiga shabaha kama anachoma sindano: haraka, na ukishtuka ameshamaliza.

"Mimi niko ready," alisema tu. "Nipitishieni hiyo pilipili."

Basi Method akaanza kutafuta. Pelagia alishampa sharti lake: bunduki moja, ya visahani na ya kuwindia njiwa hiyo hiyo, na ikimshinda asije kumwambia habari ya nyingine. Kwa hiyo hakutaka kukosea. Alitaka semi-otomatiki, ile ambayo ukivuta inatema ganda na kujipakia risasi inayofuata yenyewe, kwa sababu inapiga bega kwa upole na mtu anaweza kushinda nayo kutwa. Tatizo la semi-otomatiki, kila mtu atakwambia, ni uaminifu. Ziko zinazojiendesha kwa gesi ya risasi, na ziko zinazojiendesha kwa mshtuko wa bunduki yenyewe inaporudi nyuma. Method akaangalia video. Jamani, aliangalia video! Wazee wenye ndevu, mmoja baada ya mwingine, wanabishana juu ya springi. Pelagia akaniambia, "Mama Angel, huyu bwana anajua uzito wa bunduki kumi na moja. Muulize mwanae Clara ana kilo ngapi."

Mwisho akaamua kwamba video zinasema uongo, ajaribu mwenyewe kwa kuazima. Akaazima ya Elia, ya gesi. Ikapiga tisa, ikakwama. Akaazima ya Kamau wa kule Irving, ya mshtuko, Kamau akaapa haijawahi kumwangusha miaka sita. Ikapiga nne, ikakwama. Akaazima ya Humphrey, anayeimba naye kwaya, ya Kituruki, mpya hata harufu ya dukani haijaisha. Ikapiga mbili. Ya tatu ndiyo hiyo niliyoanza nayo.

Method akaandika matokeo kwenye daftari: gesi haifai, mshtuko haufai, Kituruki hakifai. Zimebaki siku kumi na nne.

Jumapili yake nyumba yangu ilijaa kama kawaida. Watu wametoka kanisani, viti haviwatoshi, wengine wamekaa ngazini na sahani mapajani. Elia akaingia ameshika bunduki yake ndani ya mfuko kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Nina kesi," akasema.

"Tulijua," wakajibu watu wanne kwa pamoja.

"Bunduki hii niliiazimisha nzima. Imerudi kwangu, jana nimekwenda kuijaribu, haipigi zaidi ya mbili. Ninamshtaki Mangi mbele ya nyumba hii."

"Nyumba hii imekula kwanza?" nikamuuliza. "Weka hicho kitu chini, chukua sahani."

Akala. Mpare kesi ataiacha isubiri, pilau hataiacha. Baada ya hapo meza ikafutwa, likatandikwa gazeti la matangazo ya supamaketi, na Wacuka akaiomba ile bunduki. Akahakikisha haina kitu ndani, mara mbili, akawaonyesha watu. Halafu akafungua mkoba wake wa kazi, akatoa glavu, akavaa. Nesi akivaa glavu hata asiyeumwa anajikagua.

Akazungusha kifuniko cha mbele cha bunduki, akachomoa mtutu, akaingiza kidole mle ndani ambamo gesi hupita. Kidole kikatoka cheusi, kizito, kinang'aa. Akakinusa. Akanusa tena.

"Method."

"Naam."

"Hii kitu inanukia keki."

"Keki gani?"

"Nazi. Haki ya nani, hii ni nazi. Uliipaka nini?"

Method akakaa vizuri kwenye kiti. Na ninavyomfahamu, hakuwa anajitetea. Alijibu kwa fahari kabisa.

"Mafuta. Kitu cha watu ukikiazima hukirudishi kikavu. Mama yangu sahani ya jirani hakuirudisha tupu hata siku moja. Sasa bunduki utaiwekea nini, maharage? Nikaipaka mafuta, ndani na nje. Nikiichukua naipaka, nikiirudisha naipaka. Mtu akiifungua ajue ilikaa kwa watu."

"Mafuta gani?" Hiyo ilikuwa sauti ya Pelagia, kutoka jikoni.

Method akaokota punje ya pilau kwenye goti lake.

"Method. Mafuta gani?"

"Yale ya kwenye chupa ya kahawia."

Pelagia akatoka na mwiko mkononi. "Mafuta yangu ya nywele! Nimemgombeza Clara wiki mbili! Mtoto anaapa hajayagusa, nikamwambia muongo! Kumbe yuko baba mtu anasuka bunduki!"

Hapo kesi ya Elia ilisimama, kwa sababu hakimu, mzee wa baraza na wasikilizaji wote walikuwa wameinama wanashika mbavu. Kulikuwa na mtu ngazini amemwaga soda.

Wacuka peke yake ndiye aliendelea kufuta. "Sikia, Method. Kila risasi inaacha masizi. Masizi yakipata mafuta mazito inakuwa ugali. Ile ya gesi, vitundu vinaziba. Ile ya Kamau, hicho chuma kinafaa kiteleze chenyewe kirudi nyuma, sasa wewe umekifanya kitembee kwa matope. Inataka tone. Tone moja hapa, moja hapa, ufute. Hizi bunduki zote hazina makosa."

"Zote?"

"Zote tatu. Na ile ya last year, Houston, uliipaka?"

Method akatazama dari. "Ile niliipaka sana. Ilikuwa ya Nderitu, kapteni wao. Niliona nisiaibishe Dallas."

Kwa hiyo tulipika mwaka ule kwa sababu ya adabu. Nikasema hilo halitatoka humu ndani. Saa mbili usiku Nderitu alikuwa amenipigia kutoka Missouri City, anacheka mpaka anakohoa.

Kununua sasa. Ungedhani Wacuka angekaa kando, maana nafasi aliyokuwa anaiwinda ni hiyo hiyo. Jumatano akampitia Method kwa gari lake, ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, nami nikajipakia kiti cha nyuma kwa sababu kitu kama hicho huwezi kusubiri kusimuliwa.

"Mbona unamsaidia?" nikamuuliza njiani.

"Nataka kumshinda yeye. Sitaki kushinda mafuta ya nywele."

Dukani Method akaenda moja kwa moja kwenye ile yenye mti unaometa na ndege wa dhahabu ubavuni. Wacuka akamgeuza kwa bega kama anageuza mgonjwa.

"Rudisha. Chukua hii. Funga macho. Sasa iweke begani vile unajisikia, ukishamaliza fungua. Unaona nini?"

"Naona chuma. Naona mgongo wa bunduki wote."

"Basi ni fupi kwako, kichwa chako kiko juu sana. Ingine."

Ya pili ilikuwa ndefu, ikamkamata kwapani. Ya tatu alipofungua macho akatabasamu. Jicho lilikuwa limekaa kwenye ncha ya mtutu, sawasawa, kana kwamba alipimwa na fundi nguo. Nyeusi, mpini wa plastiki, sura haina kabisa. Ya gesi, geji kumi na mbili, mtutu wa inchi ishirini na nane. Wacuka akamuuliza muuzaji kama inakubali risasi nyepesi za visahani na zile nzito kidogo za njiwa bila kubadilisha kitu, na kama vipuri vyake vinapatikana. Muuzaji akasema ndiyo na ndiyo. Halafu Wacuka akamwambia Method aifungue na kuifunga mwenyewe, hapo hapo kaunta, bila kusaidiwa.

"Ukishindwa hapa, nyumbani utashindwa," akasema. "Ya kuaminika ni ile unaweza kuosha."

Method alitumia dakika ishirini. Foleni ya watu nyuma yetu ikawa ndefu, mzee mmoja mwenye kofia pana akaanza kumshangilia. Mara ya pili alitumia saba. Akajaza fomu, wakamkagua kwenye kompyuta, tukatoka nayo.

Elia alipoiona alisema, "Mchaga amenunua nyeusi ili isionyeshe uchafu," lakini niliona ameipima begani kwake mara mbili.

Tarehe ishirini na nne. Jua la Agosti, ukigusa mlango wa gari unapiga kelele. Kiwanja cha shabaha kiko nje ya mji, nyasi zimekauka zimekuwa rangi ya simba. Wacuka akaanza, akavunja ishirini. Hakusherehekea, alikwenda kunywa maji.

Method akasimama kwenye mstari. "Tupa!" Akapiga, akakosa. "Tupa!" Akakosa. Cha tatu akakosa. Nikajua tatizo. Alikuwa hapigi kisahani, alikuwa anasikiliza bunduki. Kila akivuta anajikunja uso, anangoja igome, na haigomi. Ganda linaruka, risasi inaingia, tayari.

"Mangi!" Elia akapaza sauti. "Imekubali! Sasa kubali na wewe!"

Cha nne akakivunja. Kikawa vumbi. Cha tano, cha sita. Akaingia kwenye mwendo, mabega yameshuka, vitatu tu vikamponyoka njiani, na nikasahau hata kurekodi. Vilipobaki vitano, pale pale alipokwama Houston, watu wakainuka kwenye viti. Method akavunja, akavunja, akakosa, akavunja, akakosa. Bunduki ilipiga ishirini na tano bila kusimama.

Elia akahesabu. "Kumi na saba. Wacuka ishirini. Wacuka anakwenda."

Pole zikaanza, na vijembe vya kubeba maji, na Wacuka akampa mkono. Nilimtazama Method usoni nikitafuta huzuni ili niwe na la kusimulia. Alikuwa anafuta bunduki kwa kitambaa, taratibu, tone moja hapa, moja hapa, na midomo inachezacheza.

Usiku Pelagia akanipigia.

"Mama Angel, kuna nini? Ameingia anacheka. Nikamuuliza umeshinda? Akasema hapana, nimekosa vinane. Nikamwambia sasa unacheka nini? Akasema, 'Vyote vinane nimekosa mimi mwenyewe.' Ndiyo jibu hilo?"

"Kwa Mchaga, labda."

"Na ameomba kazini wambadilishie zamu. Anataka kila Jumatano iwe ya kufanya mazoezi, mpaka mwakani. Anasema kumi na saba ni ya kuanzia."

Nilimpigia Wacuka kabla hajaambiwa na mwingine. Alikuwa wodini, akapokea kwa kunong'ona. Nikamweleza yote. Nikasikia mashine za wagonjwa zikilia nyuma yake.

"Hizo Jumatano," akauliza, "ni saa ngapi?"