Vigurudumu Chini ya Kapeti

Gari lile lilinichukiza kabla sijajua lilibeba nini. Nilikuwa nalisafisha kila Alhamisi katika gereji ya Praful ya kukodisha magari ya harusi, pale Peckham, London, chini ya njia ya reli, mimi na ndoo yangu na vitambaa vyangu. Lilikuwa Cadillac la mwaka 1959, jeupe, refu mno hata nikianza kulipangusa mbele, nikifika nyuma mbele kumeshapata vumbi. Nyuma kabisa lilikuwa na mabawa mawili yaliyosimama juu, na kwenye kila bawa taa mbili nyekundu zenye ncha kali. Mtu aliyekimbia vita Uvira, kule Kongo, mwaka 1996 hahitaji kuambiwa zinafanana na nini. Zinafanana na risasi. Nani anaweka risasi kwenye gari la kwendea kanisani?

Jirani yake lilikuwa la mwaka 1957, la rangi ya waridi, na hilo lilikuwa baya zaidi. Bampa yake ya mbele ilikuwa na matiti mawili ya nikeli, na kwenye ncha wamevalisha mpira mweusi. Siku ya kwanza nilimwuliza Praful ni kitu gani. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mama Miradie, Waamerika walijua ni nini. Wewe pangusa tu."

Nilipangusa nikiangalia ukutani. Nikimaliza nilitandika gunia juu yake, na Praful akipita analitoa, na mimi nalirudisha.

Praful alizaliwa Kisumu, nyumba yake iko Kingsbury, na Kiswahili chake ni kile cha dukani, lakini kinatembea. Wateja wakija huwapa somo, lilelile kila mara, mpaka nimelijua. Kwamba yale mabawa waliyaiga kwenye mkia wa ndege ya vita. Kwamba kule Detroit kila mwaka walibadilisha sura ya gari, nikeli ikaongezwa hapa, taa ikanyanyuliwa pale, ili mwenye la mwaka jana aone haya mbele ya jirani yake. Kwamba la mwaka 1959 ndilo lenye mabawa marefu kuliko yote, na baada ya hapo wakaanza kuyapunguza. Wateja husema aah, hugusa nikeli niliyoisugua, huacha vidole. Mimi hufikiria watu wazima wamekaa ofisini, wamevaa tai, wanapimana urefu wa mikia.

Basi mwaka 2003 binti yangu Miradie akaposwa na Gires, kijana mzuri, anafanya kazi ya kutunza wazee, mtu wa sala. Sina neno naye. Neno ninalo na baba yake mdogo, Mzee Baudouin, aliyesimama mahali pa baba katika mambo yote ya harusi. Kwetu upande wa bwana harusi ndio unaoleta gari la kumchukua bibi harusi mlangoni kwa mama yake, na gari hilo ndilo uso wao. Mzee Baudouin alikuja gerejini amevaa suti ya kijani, akazunguka magari yote kama anachagua ng'ombe, akasimama mbele ya lile refu.

"Hili! Lenye mapazia. Mama Miradie, watu wa Peckham watasimama barabarani. Wale wa Tottenham watakufa kwa wivu."

"Liko pia lile dogo jeusi, Mzee," nilisema. "Lina heshima."

"Dogo?" Alimgeukia Praful. "Huyu mama anataka mtoto wake aje kwangu ndani ya kiatu."

Praful akacheka, wakapeana mikono.

Alhamisi ya wiki ya harusi nilikuwa nasafisha ndani ya lile refu, kule nyuma, ambako kiti kimoja kipana kilikuwa kimefungwa katikati na kapeti nyekundu imetandikwa pande zote. Kapeti ilikuwa na unyevu upande mmoja, na inanuka. Nikaifunua niikaushe. Chini yake nikaona vibao vya chuma kwenye sakafu, kila kimoja kina kitundu cha kuingiza kidole. Niliinua kimoja. Kilikuwa kinapinduka, na upande wake wa chini kulikuwa na kigurudumu cha mpira, kimelala kwenye nyumba yake. Nikainua cha pili, na cha tatu. Vyote hivyo hivyo, vimepangwa mistari miwili kutoka mlango wa nyuma kuja mbele.

Sikuhitaji kuuliza. Nilipofika London kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusafisha katika nyumba moja ya mazishi, wanakoandaa maiti kwa kuzikwa, miezi minane, na vigurudumu kama vile niliviosha kwa mikono yangu. Jeneza huwekwa juu yake, likasukumwa, likateleza lenyewe ndani.

Nilimwita Praful. Alikuja, akaangalia, akajikuna shingo.

"Hiyo ni kitu ya zamani, mama. Hiyo ni ambulansi."

"Mgonjwa anasukumwa kama sanduku?"

"Sikiza. Cadillac walikuwa wanatoa gari nusu, injini na magurudumu, halafu mafundi wengine wanajenga nyuma. Miji midogo kule Amerika, mwenye nyumba ya mazishi ndiye alikuwa na ambulansi pia. Gari moja, kazi mbili. Mchana anabeba mgonjwa, unageuza hizi chuma. Kesho anabeba marehemu, unageuza tena. Akili, eh?"

Alisema akili, na alikuwa anatabasamu. Mgonjwa amelala hapo anaomba Mungu amponye, na chini ya mgongo wake vigurudumu vya jeneza vinamngoja. Akikata roho njiani, dereva hana haja hata ya kubadili gari. Na mtu aliketi mezani akachora hiyo, akapima kwa rula, akaona amefanya vizuri, kisha akaweka nikeli juu na mapazia dirishani. Nilitoka nje nikatema mate, jambo ambalo sijalifanya tangu niwe mtu mzima.

"Mtoto wangu hataingia humu," nilimwambia.

"Mambo ya harusi ongea na Baudouin. Mimi nimekodisha gari." Kisha sauti ikashuka. "Na usitangaze, tafadhali. Hii ndiyo watu wote wanataka."

Jioni ile nilimwambia Miradie. Alikuwa anajaribisha viatu. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba gari ni gari, kwamba limeoshwa, na mama, tafadhali, usianze. Sikuanza. Baba yake tulimzika ndani ya mkeka, kandokando ya barabara, nikiwa nimemshika Miradie mkono ili asikimbie kurudi. Gari la marehemu ni kitu cha heshima na ningelimpa mume wangu kama ningelipata. Lakini ni lake marehemu. Bibi harusi halazwi mahali pake ili wapita njia wapige makofi.

Ijumaa, baada ya misa, nilimkuta Mzee Baudouin kwenye ngazi za kanisa nikamweleza yote. Alinisikiliza akisafisha meno kwa kijiti.

"Nani mwingine anajua?"

"Praful. Na Miradie."

"Basi hakuna anayejua." Akatupa kijiti. "Mama Miradie, wewe ni mjane. Mjane kifo anakiona hata kwenye sahani ya wali. Usituletee kilio chako kwenye harusi yetu."

Nilirudi nyumbani nikasali rozari nzima, na kwa kila fumbo nilimwona akitupa kile kijiti kwenye ngazi za nyumba ya Mungu.

Jumamosi saa nne gari lilifika chini ya jengo letu, limefungwa utepe, dereva ana kofia. Watu walitoka kwenye korido zote za ghorofa. Akina mama wa kwaya walikuwa wanaimba. Mzee Baudouin aliteremka kutoka kiti cha mbele akifungua mikono kama askofu. Miradie alishuka na mimi nikiwa nimeshika nyuma ya gauni lake. Tulipofika kwenye gari nilimwachia Laurette, dada wa Gires, lile gauni, nikafungua mlango, nikainama, nikavuta kapeti kwa nguvu zangu zote. Ikatoka. Nikapindua vibao, kimoja kimoja, mpaka vigurudumu vyote vikasimama.

Kuimba kulikufa.

"Ni vya nini hivyo, Mama?" Laurette aliuliza.

"Vya jeneza," nilisema. "Hili ni gari la maiti."

"Uongo!" alisema Mzee Baudouin. "Ni vya mizigo. Masanduku. Matajiri wa Amerika wana masanduku mengi."

"Vizuri. Basi kaa wewe kwanza, Mzee. Keti hapo nyuma, funga mlango, uzunguke jengo mara moja. Ukirudi, mwanangu ataingia."

Alicheka. Akatazama watu. Akaja mpaka mlangoni, akainua mguu, akauangalia ule mguu, akauteremsha.

"Goti," alisema. "Goti langu halikunji vizuri."

"Tutakushika, Papa!" mama mmoja wa kwaya alipiga kelele. "Tukuingize miguu mbele, kama marehemu!"

Walicheka mpaka korido ya juu kabisa. Miradie hakucheka. Alikuwa anatazama vigurudumu, na uso wake ulikuwa umekuwa wa mtoto wa miaka kumi na saba, miaka aliyokuwa nayo siku ile ya mkeka. Akasema kwa Kiswahili, polepole, "Mama, sitaki."

Lawrence, dereva wa minibasi ya parokia, alikuwa amekuja kuchukua kwaya. Tulimwingiza bibi harusi kwa mlango wa pembeni, akakaa katikati ya ngoma na masanduku ya vitabu vya nyimbo, gauni limejaa mpaka kwenye vioo. Tulikwenda hivyo, tukiimba.

Kwenye taa za barabarani niligeuka. Cadillac lilikuwa linatufuata. Mzee Baudouin alikuwa ameketi kiti cha mbele, kando ya dereva, suti ya kijani, miwani ya jua, mkono nje ya dirisha anapungia watu. Nyuma yake kulikuwa kutupu, vigurudumu vimesimama, mapazia yanacheza na upepo.

Baadaye, kwenye meza ya chakula, nilimwuliza Mzee aliwezaje kupanda gari lile.

"Mbele hakuna marehemu aliyekaa, Mama," alisema, akamega kuku. "Mbele ni kwa dereva."

Nilihamisha sahani yangu, nikaenda kula pamoja na kwaya.