Ukaguzi wa Macho Getini

"Fungua jicho. Fungua, nimesema!"

Mlinzi alimshika mpakiaji taya, akamvuta kope kwa kidole gumba. Jicho lilikuwa jekundu kama nyama mbichi. Rungu lilishuka mara mbili, begani na mbavuni, na mpakiaji akaanguka kifudifudi kwenye vumbi la saruji.

"Mvuta bangi mwingine," alisema msimamizi, akalikata jina lake kwenye orodha. "Anayefuata!"

Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Mwenye macho mekundu alihesabiwa mvuta bangi, na mvuta bangi hakuwa na kazi. Juu ya foleni dohani mbili za kiwanda zilitapika moshi, na majivu yakawatua mabegani.

Mshonaji alikuwa wa nne kutoka mbele. Miaka sita alikuwa akishona midomo ya mifuko ya saruji. Macho yalimwasha kama yamepakwa pilipili. Aliibana mikono kwapani asije akayafikicha. Ndani ya sidiria alificha kichupa cha matone ya kung'arisha macho, yale yanayouzwa kwenye kibanda mkabala na geti. Tone moja kila jicho, na baada ya muda mfupi macho yanakuwa kama ya mtoto mchanga. Nusu ya foleni ilikuwa imeshayatumia.

Daktari wa zahanati alikuwa amemfokea kwa ajili ya kichupa hicho.

"Mama, huu ni mzio. Moshi na vumbi vinaingia, jicho linapigana navyo, linavimba, linawasha. Wewe unafikicha, unakichubua kioo cha jicho. Na haya matone ndiyo yanakumaliza kabisa. La kushoto limeshakwenda. La kulia tunaweza kuliokoa, lakini acha matone, na uondoke kwenye vumbi."

"Niondoke niende wapi, daktari?"

Daktari alimwandikia barua ya kuomba ahamishwe. Msimamizi aliichana bila hata kuikunjua.

Leo alikuwa ametia matone mawili badala ya moja. Aliliona shati la mtu wa mbele yake, kichwa hakukiona.

"Shemeji," alinong'ona zamu yake ilipofika. Mlinzi alikuwa mdogo wa mumewe. Walikula sahani moja. Leo alivaa miwani myeusi.

"Nyamaza, shemeji, nakupitisha." Hakumgusa. "Meupe, bosi!"

"Mbona hukuyafungua?" Msimamizi alisogea. "Na hiyo miwani ya nini? Unaoa leo?"

Foleni ikacheka, kicheko cha woga.

"Jua, bosi."

"Jua gani?"

Msimamizi aliipiga kofi, miwani ikaruka. Macho ya mlinzi yalikuwa yamevimba, mekundu, yanavuja ute mzito.

"Kumbe hata mbwa wangu wa getini anavuta!"

"Si bangi, bosi. Nasimama hapa kutwa nzima. Haki ya Mungu, ni vumbi hili."

Hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo pale getini. Msimamizi aliwatazama, watu zaidi ya mia, na midomo yao imeanza kucheza. Akampokonya mlinzi rungu, akamchapa nalo gotini. Mfupa ulilia. Mlinzi akaenda chini.

Kisha msimamizi akamshika mshonaji kidevu na kumpanua macho yote mawili mbele ya watu.

"Haya, oneni! Meupe pe! Huyu naye si anakula vumbi hilo hilo?" Akamsukumizia rungu mikononi. "Mama, kuanzia leo wewe ndiye mlinzi. Anza na huyu mwongo. Au piga magoti hapo kando yake."

Rungu lilikuwa na unyevu wa jasho la shemeji yake. Mbele yake palikuwa na ukungu wa kijivu, na chini ya ukungu kitu cheusi, labda mtu, labda mfuko. Nyuma yake watu walikohoa.

"Shemeji," sauti ilitoka chini, "mimi huyu, shemeji, usini..."

Akalenga palipotoka sauti.