Maji Yaliyokuja Kikaoni

Kikao cha kupanga namna mji utakavyojikinga na mafuriko kilianza Jumanne saa nne na robo asubuhi, karani alipomaliza kuchonga penseli. Mezani palikuwa na ramani iliyokandamizwa kwa vikombe vya chai, na daftari la mahudhurio lenye safu mbili: jina na nambari ya nyumba. Asiye na nambari aliandikwa ukurasa wa nyuma, kwa wageni. Wageni waliruhusiwa kusema baada ya kura.

Fundi cherehani aliingia akiwa ndani ya maji hadi kiunoni.

Yalikuwa ya rangi ya udongo, yamemzunguka kama sketi pana, yakitembea naye bila kumwagika. Yaliishia palepale yalipoishia chumbani kwake wakati wa mvua za mwaka jana. Kandambili moja ilielea mbele yake.

"Shikamoo, mzee," alimwambia mwenyekiti.

"Marahaba, binti. Rudishia mlango, upepo unachezea karatasi."

"Nambari ya nyumba?" aliuliza karani.

"Kwetu bondeni hatujapewa."

"Mgeni, basi." Karani akageuza ukurasa.

Mhandisi alipitisha kidole kwenye ramani. Mtaro mpya ungeanzia mitaa ya juu, ungeteremka hadi darajani, na hapo mstari ulikoma. Chini ya daraja karatasi ilikuwa nyeupe, kwa hiyo karani alikuwa ameweka kikombe chake hapo. Kura ikapigwa, mikono yote mezani ikainuka. Kisha fundi akapewa nafasi.

"Mimi nakaa chini ya kikombe hicho," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi akohoe na kuanza upya. "Mama yangu hatembei. Mwaka jana nilimpandisha juu ya meza ya kukatia nguo. Mtaro ukiishia darajani, maji ya huko juu yote yatatushukia sisi, na meza iliyoinuka kuliko ile sina."

"Imeandikwa," alisema karani, na kweli ilikuwa imeandikwa, ukurasa wa nyuma.

Jumanne iliyofuata fundi alikuja na majirani. Muuza mkaa alikuwa na maji ya kifuani. Fundi viatu alikuwa nayo magotini tu, akijibanza nyuma ya wenzake kwa aibu.

"We shemeji, umekuja kunawa miguu?" muuza mkaa alimtania.

"Kwangu kuna kamwinuko, nifanyeje?"

Mama yake fundi cherehani alibebwa kwenye kiti, maji yakimfika kidevuni. Mwenyekiti, mtu wa adabu, alimkaribisha chai.

"Niwekee, mwanangu," alisema mama. "Ila usiijaze."

Karani alipotaka kufungua ukurasa wa nyuma, fundi alimshika mkono. Alivua futi ya kitambaa shingoni, akajipima, akampima na kila mmoja kutoka sakafuni hadi maji yalipoishia, kwa uangalifu uleule wa kupima sare za shule. Alimpima mama yake mara mbili. Kisha akaandika sentimita zao kwenye safu ya nambari ya nyumba: tisini na nane, mia moja ishirini na tano, arobaini na tisa, mia moja na kumi.

Karani alizisoma. Safu ilikuwa imejaa, na yeye hakuwa na ugomvi na safu iliyojaa.

"Sasa si wageni," alisema. "Mnaruhusiwa kupiga kura."

"Tunapigia nini?" aliuliza fundi.

"Rangi ya vyuma vya daraja," alisema mwenyekiti. "Kijani au bluu. Mtaro tulishaumaliza wiki iliyopita."

Fundi alikiinua kikombe cha karani, akakiweka dirishani. Akatoa chaki yake ya kuchorea nguo.

"Bluu," alisema, akauendeleza mstari kutoka darajani, ukapita kwa muuza mkaa, ukapita kwa fundi viatu, hadi mlangoni kwa mama yake.

Siku hizi soketi za chumba cha kikao zimehamishiwa juu ukutani, na miguu ya meza imewekewa matofali. Mtaro umekamilika, umeishia darajani. Kila Jumanne, saa nne na robo, fundi huja, husaini, huuchora mstari. Kikao kikiisha, karani hulowesha tambara kwenye maji ya fundi na kuufuta. Fundi humsogelea, ili mkono wake ufike vizuri.

Chaki anazo boksi zima.