Taa Iliyobaki Tumboni mwa Anyelwisye

Kitendawili, wajukuu! Fundi kapita mlango wa mbele, kaziba tundu la ukuta wa nyuma, wala hakubomoa tofali. Mmeshindwa? Haya, ni tumbo la Anyelwisye wa Masukulu.

Alikuwa akichuma chai, kikapu mgongoni, tumbo likamchoma akaanguka chini. Msimamizi Ambwene, mtoto wa kaka yake, akamkimbiza hospitali kubwa ya Mbeya. Daktari Rukia akasema tumbo limetoboka, tundu dogo kama punje ya ulezi, lakini likiachwa litamuua.

"Mtampasua shangazi?"

"Hapana. Tutapita mdomoni."

Wakamtia usingizi, wakapitisha mpira mwembamba wenye taa. Kwenye runinga Ambwene aliona kuta nyekundu zinazopumua, zimelowa kama bonde baada ya mvua. Kibanio cha chuma kikatokea, kikashika kingo za tundu, zikakutana taratibu. Ambwene akavua kofia.

Mpira ulipotolewa, mwanga wake ulibaki ndani. Ukapenya ngozi, ukapenya na kanga mbili.

"Mafuta ya taa hutanunua tena, mama," nesi akasema, akaendelea kukunja shuka.

Tumbo likawa kama kioo cha kandili. Ndani mlikuwa na vidonge vya maumivu, vingine vimeyeyuka nusu. Chakula hakikuwemo.

"Hivi ndivyo vilivyokutoboa," alisema daktari. "Nani anakupa ukiwa na njaa?"

Anyelwisye akatazama ukuta. Ambwene akatazama kofia yake.

Nyumbani, umeme ukikatika, majirani walikuja kuchambua maharage kando yake. Wachumaji wenzake walilitazama tumbo lile, kila mmoja akipapasa lake.

"Langu nalo ni duka la dawa, basi tu halina taa," alisema Lilian, mmoja wao. Wakacheka mpaka maharage yakamwagika.

Alipopata nafuu akarudi shambani, kikapu kilekile, maumivu ya mgongo yaleyale. Kila asubuhi Ambwene alisimama na kopo lake la vidonge, wachumaji wakakinga viganja.

Siku ya kliniki akampeleka shangazi tena hospitali. Daktari akafunua kanga. Pale palipotoboka, nyama ilikuwa imeshikana, laini, mpya kama jani la mgomba lisilokunjuka bado. Wote watatu wakainama wakipatazama. Kando yake vilikuwepo vidonge viwili vyeupe, vizima.

"Mama, nilikuuliza. Nani anakupa?"

Anyelwisye akajifunika taratibu.

"Ni huyu mwanangu, daktari. Hata leo tumeanzia shambani."