Tupeni Dawa

Filamu ya mapambano ya ukimwi ilikuwa haijatimiza robo saa pale kwenye ukumbi wa kliniki, Fundi Cherehani keshaanza kunung'unika. Mara wakubwa wamewekwa mbele, ilhali enzi hizo walikuwa wamejificha. Mara wodi imepita haraka kama tangazo la sabuni. Shoga yake wa tangu siku zile, Muuguzi mstaafu, akamtia kiwiko atulie.

Ndipo Kipaza akatokea kwenye pazia la sinema. Mdogo wake Fundi huyo, aliyeitwa hivyo kwa sababu koo lake lilitosha mtaa mzima. Mwembamba kama ufito, kashika bango la shuka jeupe: TUPENI DAWA. Fundi hata hajamaliza kutabasamu, msimulizi akasema wapo wagonjwa waliozikataa dawa, kama hawa wanaodai zitupwe.

Ukumbi ukaangua kicheko.

Fundi akainuka, akaenda kusimama mbele kabisa, herufi zikamwangukia gaunini. Mtu akamwomba akae, anaziba.

"Mimi nimezibwa miaka ishirini na ushei. Wewe dakika mbili zitakuua?"

Mwongozaji wa filamu akasimamisha mashine, akajieleza kwa adabu zote. Alikuwa ameipata kanda ya redio, mkubwa mmoja wa idara ya dawa akisema wagonjwa wenyewe wametaka zitupwe. Fundi aliikumbuka. Mkubwa yule alicheka hewani hadi akapaliwa, na mafua yake mwenyewe aliyapandia ndege kwenda kuyatibu ng'ambo.

"Lakini Mama, bango si linasema hivyo?"

"Ukishikwa na njaa ukasema tupeni chakula, tukupeleke jalalani?"

Safari hii kicheko kikahamia upande wake, ila yeye hakucheka. Lilikuwapo jambo ambalo hata Muuguzi hakuwahi kuambiwa, na asipolisema leo, mdogo wake angebaki kwenye filamu ile kama mtu aliyekataa kupona. Akalitoa. Kipaza aliagiza ashonewe TULETEENI DAWA. Shuka likawa fupi, herufi tisa hazikuenea, Fundi akajitia ujuzi akalikata neno likawa TUPENI. Kipaza alilibeba vilevile bila neno la lawama, akafa miezi minne kabla ya kopo la kwanza la dawa kufika kliniki hii hii.

Mwongozaji akaahidi kuifuta sauti ya msimulizi, akaomba ya Fundi iingie badala yake. Akamsogezea kinasa sauti palepale.

"Bango nililishona mimi," Fundi akasema. "Kosa ni langu na la shuka. Mdogo wangu alitaka dawa azinywe, aishi."

Simu ikalia mkobani mwake: saa ya kidonge. Muuguzi akaja na kikopo na maji, macho yamemlowa, mdomo haujambo.

"Haya, tupa."

Fundi akakitupa kidonge mdomoni, akameza, kisha akamwambia mwongozaji ole wake akate hapo.